Pikipiki kuukuu na vikorombwezo vyake

Hapa Tunduma, mtu akinunua Boxer iliyokwisha kupita mikononi mwa watu watatu, mara nyingi kituo chake cha kwanza ni kwa fundi wa kuchomelea. Anataka keria ya bomba nene, bampa la mbele, siti iliyorefushwa kwa nyuma, taa mbili za LED, na hela ikibaki, redio. Injini inayovuja oili itasubiri. Breki ya nyuma inayolia itasubiri pia. Kwanza chombo kibebe, kwanza kipendeze.

Siwalaumu sana. Bodaboda anayeamkia kijiweni Sogea au Majengo hajui siku itampeleka wapi. Anaweza kuwa kule Mpemba asubuhi na abiria mmoja, saa tano akawa njiani kwenda Ndalambo na magunia mawili, alasiri akaitwa Vwawa kumfuata mgonjwa. Mkoa huu wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una barabara kuu ya lami inayojaa malori, una barabara za vumbi jekundu zinazoingia kwenye kahawa za Mbozi, na una miteremko inayokushusha hadi joto la bonde la Rukwa. Pikipiki iliyotoka kiwandani India au China haikutengenezwa kwa ajili ya mchanganyiko huo. Lazima iguswe. Ugomvi wangu ni juu ya nini kiguswe kwanza.

Kuna pikipiki moja ambayo kila kijana mwenye mpango wa kurekebisha chombo angeitazama vizuri kabla ya kutoa hela. Ni Yamaha AG100. Ilianza kutengenezwa mwaka 1973 kwa ajili ya wafugaji na wakulima, na hapa kwetu wengi waliifahamu kama pikipiki ya bwana shamba, ya mradi au ya misheni. Injini yake ni ya kuchanganya oili na petroli, yenye ujazo wa sisi 97 tu, na sura yake haimvutii mtu. Lakini ilitoka kiwandani ikiwa na keria mbele na nyuma, vyuma vya kukinga injini, vikinga vya mikono, stendi za pembeni kulia na kushoto ili uiegeshe popote ardhi ilipoinama, na cheni iliyofungiwa ndani ya boksi lake, vumbi lisiione wala tope lisiiguse.

Sasa simama kijiweni uangalie Boxer, TVS na Haojue zilizopangwa mstari. Keria imeongezwa. Bampa limeongezwa. Kipande cha chuma kimechomelewa chini ya stendi ili isizame kwenye udongo laini. Vijana wanaijenga upya AG100, kipande kwa kipande, na wengi wao hawajawahi kuiona. Tofauti ni kwamba wahandisi wa Yamaha walikaa na kupiga hesabu ya kila kipande kwa pamoja, na sisi tunaongeza kimoja leo na kingine mwezi ujao bila kuuliza kilichotangulia kimeshachukua nini. Kila unachofunga kwenye pikipiki kinaidai kitu. Keria inadai uzito, taa inadai umeme, kioo kinadai upepo. Chombo kipya huweza kulipa madeni hayo kimyakimya. Kilichochoka hakiwezi.

Wazungu wenye pikipiki kubwa za masafa wameyajua haya kwa gharama yao. Wale wanaotoka Cairo kwenda Cape Town wengi hupita hapahapa, maana barabara ya TANZAM ndiyo inayowatoa Tanzania na kuwaingiza Zambia kwa lami, na tangu Oktoba 2019 kituo cha huduma kwa pamoja cha Tunduma na Nakonde kimekuwa mlango wao. Unawaona na masanduku ya alumini kila upande, taa za ziada, vioo virefu, wamefunikwa na vumbi hadi kope. Mtangulizi wao anayejulikana kuliko wote, Mwingereza Ted Simon, alianza kuizunguka dunia mwaka 1973 na Triumph ya sisi 500, pikipiki ambayo leo ungeiita ya kwendea sokoni, na akamaliza mwaka 1977. Chombo chake hakikuwa na kikorombwezo chochote cha maana zaidi ya mifuko na masanduku ya mzigo. Kilichomfikisha ni kwamba aliweza kukifungua na kukifunga mwenyewe kila kilipogoma.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Honda ST1100, ambayo Ulaya waliiita Pan-European. Ilitoka mwaka 1990, pikipiki nzito yenye tangi la lita 28, iliyoundwa kwa ajili ya kumeza mamia ya kilomita kwa siku bila kumchosha mtu. Matoleo ya awali yalikuwa na alteneta ya ampia 28. Wenye nazo wakaanza kuongeza: taa za ukungu, vishikio vya usukani vyenye joto, hata mavazi yanayopashwa moto kwa umeme. Betri zikaanza kufa. Honda wenyewe baadaye wakaweka alteneta ya ampia 40, na mafundi wenye pikipiki za zamani wakawa wanahangaika kuihamishia alteneta hiyo kubwa kwenye vyombo vyao. Ikiwa mnyama wa sisi 1,100 aliishiwa umeme kwa sababu ya vikorombwezo, Boxer yako iliyochoka ni nani?

Turudi basi kwenye umeme, maana hapa ndipo pikipiki nyingi za Tunduma zinapougulia. Pikipiki ndogo ya biashara haina alteneta ya maana. Ina sumaku inayozunguka pembeni ya koili, na umeme wake unapanda na kushuka kwa kadiri injini inavyozunguka. Taa yake ya mbele ya kiwandani ni ya wati 35 hivi, sawa na ampia tatu kwenye betri ya volti 12. Ongeza LED mbili za wati 20 kila moja na mahitaji ya taa yamezidi mara mbili. Ongeza redio yenye spika, ongeza chaja ya simu, halafu kaa kwenye foleni ya malori injini ikiunguruma kwa chini nusu saa. Betri inatoa kuliko inavyoingiza. Asubuhi kwenye baridi ya Julai unapiga kiki mpaka jasho likutoke, halafu unamlaumu muuza betri.

Njia ya kuepuka si ngumu. Taa za ziada zipate waya wao wenyewe kutoka kwenye betri, wenye fyuzi karibu kabisa na betri na rilei inayowashwa na swichi. Wengi hawafanyi hivyo. Wanachuna waya wa taa ya mbele, wanausokotea mwingine kwa vidole, wanazungushia selotepu, na kazi imekwisha. Siku mvua ikinyesha, palepale kwenye ule msokoto ndipo shoti inapoanzia, na mara nyingine ndipo moto unapoanzia, sentimita chache kutoka kwenye tangi la petroli.

Halafu kuna hao tunaowamulika. LED nyingi zinazofungwa hazina kioo cha kuukata mwanga. Zinamwaga weupe wote machoni pa anayekuja. Anayekuja usiku kati ya Mpemba na mpakani kwa kawaida ni dereva wa lori lenye shaba au lenye kontena, na pembeni mwa barabara kuna malori mengine yameegeshwa. Kumpofusha mtu huyo kwa sekunde mbili ili wewe uone vizuri zaidi ni biashara mbaya. Kama una hela kidogo, nunua utepe wa kung'aa kama ule wa matela, ubandike nyuma ya keria, pembeni mwa bampa na kwenye buti za shokapu. Haudai umeme hata kidogo. Sijaona kikorombwezo kingine chochote kinachotoa faida kubwa namna hiyo kwa bei ndogo namna hiyo, na bado ni nadra kukuta kijana anayeuomba.

Keria ni habari ndefu. Mtazame fundi anayeijua kazi yake. Hashiki mashine kwanza. Anasimamisha chombo kwenye stendi ya kati, anavua siti, anafungua betri na kuiweka pembeni, anachomoa soketi ya CDI, kile kisanduku kinachopanga cheche za plagi, maana umeme wa kuchomelea ukipita njia isiyo yake unaiua CDI na regyuleta mara moja. Halafu anatafuta matundu. Kiwanda kimeacha sehemu zenye boliti tayari: boliti ya juu ya shokapu, sehemu inapofungwa miguu ya abiria, ncha za fremu chini ya siti. Anapima kwa kipande cha waya, anakunja bomba, anachomelea keria ikiwa chini, mbali na pikipiki, ndipo anaileta na kuifunga kwa boliti na nati zenye nailoni ndani ili mtetemo usizilegeze. Mlalo wa juu anaushikilia kwa mguu unaoshuka kwa mshazari hadi kwenye boliti ya chini, kwa hiyo ukiitazama ubavuni unaona pembetatu.

Fundi wa haraka anachomelea keria moja kwa moja kwenye fremu. Inaonekana imara, na kwa wiki kadhaa ni imara kweli. Lakini joto la kuchomelea hubadilisha chuma kilicho jirani na mshono, na ufa huanzia hapo, nywele moja pembeni mwa mshono mzuri. Mwenye chombo anaugundua nyuma inapoanza kuyumba kama mkia. Boliti ikikatika unabadili boliti. Fremu ikikatika una vyuma chakavu vyenye kadi ya usajili.

Kosa la pili la keria ni urefu. Fikiria mstari unaopanda wima kutoka kwenye ekseli ya tairi la nyuma. Mzigo ulio mbele ya mstari huo unayakandamiza matairi yote mawili. Ulio nyuma yake unafanya kazi ya kunyanyua tairi la mbele. Pikipiki za aina hii zina kama mita 1.25 kutoka ekseli hadi ekseli. Ukiweka gunia la kilo 100 sentimita 30 nyuma ya ekseli, umeliondolea tairi la mbele kilo 24. Usukani unakuwa mwepesi, chombo kinacheza kwenye kona, na breki ya mbele, ambayo ndiyo ingekusimamisha, haina pa kushika. Abiria aliyekaa kati yako na gunia hajui lolote. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Masanduku ya wale wasafiri wa Cape Town yananing'inia chini, ubavuni, karibu na mguu wa abiria, na si kwa ajili ya urembo. Keria za pembeni za kubebea kreti na madumu zinazofungwa hapa zina akili hiyohiyo, mradi zisipanuke mpaka zikachukua barabara ya wengine.

Siti ndefu nayo tunajua ni ya nini. Ni ya mishkaki, abiria wawili au zaidi waliopangwa mgongoni mwa dereva.

Baridi ni jambo ambalo watu wa Dar es Salaam wanaotuletea ushauri hawalielewi. Uwanda wa Mbozi uko juu, kwenye mita 1,500 hivi na zaidi, na Juni ikiingia hewa ya alfajiri huingia mpaka kwenye mifupa. Kwa kanuni inayotumiwa na wataalamu wa hali ya hewa, ukiendesha kwa kilomita 60 kwa saa kwenye hewa ya nyuzi 10, ngozi iliyo wazi inaonja kama nyuzi 5. Ndiyo maana waendeshaji huvaa koti mbele nyuma, zipu mgongoni, na hufunga mifuko minene kwenye vishikio ili mikono iingie humo. Vyote viwili ni vikorombwezo vya akili: havidai umeme wala uzito, na koti ukifika unalivua.

Kioo cha mbele kinataka mawazo zaidi. BMW walipoitoa R100RS mwaka 1976, kava lake lote la mbele lilikuwa limepimwa kwenye handaki la upepo, na lilifungwa kwenye fremu, halikufungwa kwenye usukani. Hilo la mwisho ndilo la kuliiga. Kioo kilichofungwa kwenye usukani hugeuka tanga. Lori la tani thelathini likikupita, ule msukumo wa hewa unaingia moja kwa moja mikononi, na chombo kinataka kwenda usikotaka. Kama huna namna ya kukifunga kwenye fremu, kifanye kifupi, kiishie chini ya kifua, na kikate kwenye plastiki inayopinda. Mwavuli ule mkubwa unaofungwa juu ya bodaboda kwa majirani zetu Kenya na Uganda uachwe hukohuko. Barabara ya Mlima Senjele si mahali pa kupeperusha mwavuli.

Eksozi iliyotobolewa sina maneno mengi nayo. Inapiga kelele, mchanganyiko wa hewa na petroli unakosea kwa sababu kabureta haikurekebishwa, valvu zinaungua, na nguvu haiongezeki.

Kuna pia urekebishaji wa kuondoa, ambao hauzungumzwi. Saiti mira huvuliwa ili chombo kipenye kati ya malori kwenye foleni. Kava la cheni huvuliwa kwa sababu linagonga. Madigadi ya mbele hupunguzwa kwa sababu tope linajaa. La madigadi nalikubali kwa wanaokwenda Kamsamba wakati wa masika. La saiti mira silikubali. Kuna vioo vinavyokunjika, vikiguswa vinalala, na bei yake ni ya kawaida. Na kava la cheni likigonga maana yake cheni imelegea, kwa hiyo ulichokivua ni kengele.

Kila barabara ya mkoa huu ina jawabu lake. Anayefanya safari za Tunduma kwenda Sumbawanga ana kilomita 223 za lami, zilizojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani kwa vipande vitatu, Ikana na Laela katikati. Huyo hahitaji tairi la matope. Anahitaji siti yenye sponji jipya, tairi za lami zenye upepo sahihi na cheni iliyopakwa oili. Anayeshuka kutoka Mlowo kwenda Kamsamba kufuata mchele ana shida nyingine: akienda ni breki, akirudi ni nguvu. Wengi huamua kupunguza jino moja kwenye spoketi ya mbele, kwa mfano kutoka 14 hadi 13. Nguvu ya kupandia inaongezeka, na kasi kwa mzunguko uleule wa injini inapungua kwa asilimia saba hivi. Huo ni urekebishaji wa bei rahisi na wa kweli, hasa ukikumbuka kwamba huku juu hewa ni nyepesi na injini ya kabureta hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Lakini haufai kwa yule wa Sumbawanga, atafika na injini iliyolia njia nzima. Nimeona watu wawili wakinakiliana vitu kijiweni bila kuulizana wanakwenda wapi.

Kwa nini basi fundi wa kuchomelea anapata wateja kuliko fundi wa breki? Sababu moja ni umiliki. Pikipiki nyingi kijiweni si za wanaoziendesha. Kuna wa hesabu, anayempelekea bosi kiasi kila siku, na kuna wa mkataba, ambaye akimaliza kulipa chombo kinakuwa chake. Wa hesabu hatoi mfukoni mwake shilingi ya beringi ya usukani. Hiyo ni kazi ya bosi, na bosi yuko mbali. Keria anaifunga, kwa sababu keria inamwingizia hela leo na akiondoka ataing'oa. Wa mkataba anangoja. Miezi ya mwisho ya mkataba chombo kimechoka, na siku anayokabidhiwa kadi ndiyo siku anayotaka kukivalisha. Kwa hiyo rangi mpya, stika na taa zinakwenda juu ya shokapu zilizokufa. Ningekuwa na sauti kwenye mikataba hiyo ningeingiza kipengele kimoja: breki shuu, matairi na seti ya cheni vinabadilishwa kabla ya makabidhiano, gharama nusu kwa nusu.

Mpangilio wangu kwa mwenye pikipiki kuukuu na hela chache ni huu. Breki, matairi, beringi za magurudumu na za usukani, kisha cheni na spoketi zake zote mbili kwa pamoja, kisha shokapu. Hapo umekirudisha chombo kilivyokuwa siku kilipotoka kwenye kreti, na utashangaa ni mambo mangapi uliyotaka kuyarekebisha yamejirekebisha yenyewe. Baada ya hapo utepe wa kung'aa. Kisha keria ya boliti. Kisha ndoano ya kutundikia helmeti ya abiria, jambo dogo ambalo huondoa kisingizio cha kuiacha nyumbani. Taa za ziada zije mwisho, na redio ije baada ya mwisho.

Rangi ina masharti yake. Kadi ya pikipiki imeandikwa rangi, namba ya injini na namba ya chesisi. Ukiibadilisha nyekundu kuwa bluu, au ukafunga injini ya chombo kingine kwa sababu yako imekufa, kadi na chombo havisemi kitu kimoja tena, na marekebisho hayo yanatakiwa yafike TRA kabla hayajafika kwa trafiki. Kwa anayetaka kuvuka kwenda Nakonde jambo hilo ni zito maradufu, kwa sababu mpakani hawatazami urembo, wanatafuta namba. Kwenye pikipiki nyingi namba ya chesisi imepigwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, mahali palepale ambapo mafundi hupenda kushikizia vioo, mabampa na vyuma vya taa, na ambapo mpaka rangi hupitisha brashi bila kuwaza. Mwambie fundi aiache shingo wazi, na kabla ya rangi aizibe namba kwa kipande cha selotepu.